Yusuf Haji na deni la usalama: Kulinda nchi bila kumsahau mwananchi

MAREHEMU Mohamed Yusuf Haji aliaga dunia Februari 15, 2021 jijini Nairobi akiwa na umri wa miaka 80. Siku nane baadaye, Februari 23, mabunge mengi ya kaunti yalipitisha kwa mkupuo Mswada wa Marekebisho ya Katiba uliotokana na kazi ya jopo aliloliongoza, na idadi ya kaunti 24 iliyohitajika kisheria ikapitwa siku hiyo moja. Mwenyekiti hakuwapo kushuhudia. Wala hakuwapo Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba Rais hana mamlaka ya kuanzisha mageuzi ya katiba kwa njia iliyotengewa wananchi. Mpango wa Maridhiano, maarufu kama BBI, ukazikwa rasmi.

Kwa wengi, habari ya Seneta huyo wa Garissa iliishia hapo. Anakumbukwa kama mzee mpole aliyekabidhi ripoti nene kwa viongozi wawili wakubwa, ripoti ambayo mahakama iliitupa nje. Huo si muhtasari wa haki. Bw Haji alikuwa miongoni mwa Wakenya wachache waliokalia karibu kila kiti ambacho usalama wa taifa huamuliwa juu yake. Alikuwa afisa wa utawala, mkuu wa mkoa, mbunge, Waziri wa Ulinzi, kaimu Waziri wa Usalama wa Ndani, mwenyekiti wa kamati ya Seneti kuhusu usalama, na hatimaye mwenyekiti wa jopo la mageuzi ya serikali.

Katika safari hiyo ndefu, maswali mawili ambayo sisi huyatenganisha yaligeuka kuwa moja. La kwanza ni: tutailindaje nchi? La pili ni: serikali iwe ya namna gani? Hoja ya makala haya ni kwamba Bw Haji alifikia jibu sahihi akiwa amechelewa, na alilifikia kwa njia isiyofaa. Alitambua kwamba hakuna usalama wa kudumu pale ambapo raia anaiona serikali kama mgeni mwenye bunduki. Lakini dawa aliyoipendekeza ilitoka juu kwenda chini, sawa na maradhi yenyewe.

Rai zake hazipatikani kwa wingi katika hotuba. Hakuwa mwanasiasa wa jukwaani. Mtu analazimika kuzisoma katika kazi alizofanya, katika yale aliyoyatia sahihi, na katika yale yaliyotendeka chini ya usimamizi wake.

Mtoto wa Garissa

Hapana budi kuanzia Kaskazini Mashariki. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, eneo hilo liliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari kabla ya mwezi kumalizika. Vita vya Shifta vilivyofuata viliendelea hadi 1967. Mwaka wa 1970, Bunge lilipitisha sheria iliyowakinga maafisa wa serikali dhidi ya mashtaka kwa matendo yao ya kipindi hicho cha vita. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa hadi 1991, ikiwa imedumu karibu miaka 28. Mkenya aliyezaliwa Wajir siku ya uhuru alikuwa mtu mzima mwenye watoto kabla ya kuonja maisha ya kawaida chini ya sheria ambazo mwenzake wa Nyeri au Kisumu aliziona kuwa haki yake ya kuzaliwa.

Katikati ya miaka hiyo yalitukia mauaji ya Wagalla, Wajir, Februari 1984, ambapo wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege na wengi wao hawakurudi nyumbani. Mnamo 1989, serikali iliagiza Wakenya wenye asili ya Kisomali wapigwe msasa upya na kupewa kadi maalumu za kuthibitisha uraia wao. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mambo hayo katika ripoti yake ya Mei 2013, ambayo hadi leo haijatekelezwa ipasavyo.

Mbali na bunduki kulikuwa na kalamu. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ulioweka msingi wa sera ya uchumi baada ya uhuru, ulielekeza fedha za maendeleo katika maeneo ambayo ardhi na mvua zake zingeleta faida ya haraka. Kaskazini haikuwa na mvua hizo. Kwa hivyo haikupata barabara, na kwa kuwa haikupata barabara, wafanyabiashara, madaktari na walimu hawakufika. Aliyefika bila kukosa ni askari.

Wahenga wa pwani walisema: Mgala muue na haki yake umpe. Methali hiyo huitumia kila mtu anapotaka kumtendea mwenzake haki, bila kukumbuka kwamba ilizaliwa na uhasama wa watu wa mwambao na majirani zao wa kaskazini. Kwa takriban miongo mitatu, serikali ya Kenya iliitekeleza nusu ya kwanza ya methali hiyo. Nusu ya pili ndiyo deni.

Ajabu ni kwamba Bw Haji, mtoto wa eneo hilo, alichagua kuitumikia serikali hiyo hiyo. Alijiunga na utawala wa mikoa, akaanza akiwa afisa wa wilaya na kupanda ngazi hadi kuwa mkuu wa mkoa, akihudumu pia katika Bonde la Ufa, mkoa mkubwa kuliko yote na wenye mvutano mkali wa kisiasa.

Jicho la mkuu wa mkoa

Aliyekua baada ya Katiba ya 2010 huenda asielewe uzito wa cheo cha mkuu wa mkoa. Huyo alikuwa Rais mdogo. Alisimamia kamati ya usalama, akatoa vibali vya mikutano, akapokea habari kutoka kwa machifu na manaibu wao hadi kijijini, na kuzipeleka Nairobi. Mfumo huo ulirithiwa kutoka kwa mkoloni, na Kenya huru haikuona haja ya kuubadilisha.

Ulikuwa na nguvu moja ambayo hatuwezi kuikana. Chifu anayeishi miongoni mwa watu wake anajua mgeni ameingia lini, nani amenunua pikipiki ghafla, na kijana gani ametoweka nyumbani. Habari za namna hiyo haziwezi kununuliwa kwa mitambo. Serikali ilipozindua mpango wa Nyumba Kumi mwaka wa 2013, ilikuwa inajaribu kuifufua nguvu hiyo kwa jina jipya.

Udhaifu wake, hata hivyo, ulikuwa mkubwa kuliko nguvu zake. Habari zilipanda juu na amri zikashuka chini, lakini malalamishi hayakuwa na ngazi ya kupandia. Mkuu wa mkoa aliwajibika kwa aliyemteua, si kwa waliotawaliwa. Ghasia za kikabila zilipozuka Bonde la Ufa katika miaka ya 1990, udhaifu huo ulionekana kwa damu. Ripoti ya Tume ya Akiwumi, iliyotolewa mwaka wa 2002, iliwalaumu vikali maafisa wa utawala na wa polisi kwa kuzembea, kupendelea upande mmoja au kutotumia habari walizokuwa nazo. Bw Haji alikuwa miongoni mwa wakuu wa mkoa huo katika miaka hiyo, na yeyote anayepima mchango wake hawezi kuliruka hilo.

Ndiyo maana waliotunga Katiba ya 2010 waliagiza utawala wa mikoa uundwe upya katika muda wa miaka mitano ili uafikiane na ugatuzi. Matokeo yake tunayajua. Wakuu wa mikoa waliondoka na makamishna wakaja. Machifu walibaki. Magavana walichaguliwa, lakini hawakupewa usalama. Hadi leo gavana analaumiwa na wananchi wake wizi wa mifugo unapotokea, ilhali hana hata askari mmoja wa polisi anayeweza kumwamuru. Mageuzi yalifanyika kwenye mabango ya ofisini kuliko katika uhusiano wa afisa na raia.

Oktoba 2011

Bw Haji aliingia Bungeni 1998 kama mbunge mteule, akachaguliwa Ijara 2002 kwa tikiti ya Kanu, na mwaka wa 2008 akawa Waziri wa Ulinzi katika serikali ya muungano ya Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga. Wizara hiyo ilikuwa na desturi ya ukimya. Ukimya huo ulivunjika Oktoba 15, 2011.

Katika wiki tano zilizotangulia, watekaji nyara walikuwa wamevamia Kiwayu na Manda katika Kaunti ya Lamu ya sasa, na Oktoba 13 wakawateka wafanyakazi wawili wa misaada kutoka Uhispania katika kambi za Dadaab. Utalii ulikuwa umeanza kuyumba. Bw Haji na mwenzake wa Usalama wa Ndani, Profesa George Saitoti, walijitokeza pamoja mbele ya wanahabari na kutangaza kwamba Kenya ingewafuata Al-Shabaab hadi ndani ya Somalia. Walitaja haki ya kujilinda iliyomo katika Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Siku iliyofuata, majeshi yakavuka mpaka.

Operesheni ile ilipewa jina la Kiswahili: Linda Nchi. Nakumbuka jinsi tulivyobishana katika chumba cha habari jioni ile iwapo tuandike "vita" au "operesheni". Aliyekuwa mzee kuliko sote dawatini aliuliza swali jingine kabisa, nalo halijanitoka: nchi ndiyo ipi? Je, ni ardhi na mpaka wake, au ni watu waliomo? Katika lugha yetu mwananchi ni mwana wa nchi. Nchi inaweza kulindwa huku mwana akiachwa.

Kijeshi, operesheni ilikuwa na mafanikio. Kismayu ilitwaliwa mwishoni mwa Septemba 2012, baada ya wanajeshi wa Kenya kujumuishwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Lakini gharama ilikuja nyumbani. Jengo la Westgate lilivamiwa Septemba 21, 2013 na watu 67 wakauawa. Mpeketoni ikafuata Juni 2014. Aprili 2, 2015 magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde ikavamiwa, na idadi kamili ya waliofariki ikabaki kuwa mjadala, kwa kuwa serikali haikuitangaza kwa uwazi.

Haifai kusema kwamba mashambulizi hayo yote yalitokana na uamuzi wa Oktoba 2011 pekee. Al-Shabaab walikuwa na malengo yao kabla ya siku hiyo. Lakini ni kweli kwamba uamuzi wa kwenda vitani ulitekelezwa kabla ya nyumba kutengenezwa. Polisi walikuwa bado wanasubiri mageuzi yaliyopendekezwa na jopo la Jaji Philip Ransley mwaka wa 2009. Inspekta Jenerali wa kwanza chini ya Katiba mpya hakuwa ameteuliwa. Idara za usalama hazikuwa zimezoea kufanya kazi chini ya amri moja, na Westgate ilidhihirisha jambo hilo pale polisi na wanajeshi waliposhindwa kuelewana ndani ya jengo lile lile.

Soko la Garissa

Mwaka wa 2012 ulimweka Bw Haji katika mizani. Juni 10, Profesa Saitoti alifariki katika ajali ya helikopta, na Waziri wa Ulinzi akapewa pia Usalama wa Ndani kama kaimu kwa miezi kadhaa. Ni katika miezi hiyo ambapo mapigano ya Tana River yaliua watu zaidi ya 100. Novemba mwaka huo, baada ya wizara ya usalama kupata waziri mpya, polisi zaidi ya 40 waliuawa katika shambulizi la kuvizia Baragoi.

Siku chache baadaye, Novemba 19, wanajeshi watatu walipigwa risasi na kuuawa mjini Garissa. Kilichofuata kiliacha kovu. Soko la mji liliteketea, maduka yakaporwa, na wakazi kadhaa wakajeruhiwa. Wenyeji pamoja na watetezi wa haki za binadamu waliwanyooshea wanajeshi kidole. Kwa maneno mengine, walilaumiwa wanajeshi ambao waziri wao alikuwa mwana wa Garissa.

Hapa ndipo nadharia zote za usalama zinapopimwa. Mama aliyepoteza kibanda chake cha nguo hakupata faraja kwa sababu waziri anazungumza lugha yake. Uwakilishi ni jambo jema, na watu wa kaskazini waliuhitaji. Lakini kumweka mtu wa jamii fulani juu ya mtambo hakubadilishi mtambo. Kama kanuni za kazi zinaruhusu kijiji kizima kiadhibiwe kwa kosa la mtu mmoja, kijiji kitaadhibiwa, awe nani ofisini Nairobi.

Tena kuna hasara ya kiusalama tupu, mbali na ile ya utu. Mwenye duka aliyechomewa mali yake hatapiga simu kesho yake kuripoti mgeni aliyekodi chumba jirani. Operesheni ya Usalama Watch ya Aprili 2014, ambapo maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na kwingineko na wengi wao kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani, ilirudia kosa hilo hilo. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2015, shambulizi la Garissa lilipotokea, kikosi maalumu cha polisi kutoka Nairobi kilichukua saa nyingi kufika. Tulikuwa tumetumia nguvu zetu kuwakamata wasio na hatia na hatukuwa tumetengeneza mfumo wa kuwaokoa wanafunzi.

Katika Seneti

Bw Haji alichaguliwa Seneta wa kwanza wa Garissa 2013, na kuongoza kamati iliyohusika na usalama wa taifa na mashauri ya kigeni. Mwaka huo huo suala la ugaidi liligonga mlango wake. Mwanawe, Abdul, alikuwa miongoni mwa raia walioingia Westgate na bastola kuwasaidia waliokwama, nduguye akiwa mmoja wa waliokuwa ndani. Picha zilizosambaa duniani za Mkenya Mwislamu wa asili ya Kisomali akiwaongoza watoto kutoka kwenye risasi zilisema jambo ambalo kamati nyingi hazikuweza kulisema: kwamba anayetazamwa kwa shaka mara nyingi ndiye wa kwanza kuja kukuokoa.

Mjadala mkubwa wa kipindi hicho ulikuwa Sheria ya Usalama ya Desemba 2014, iliyopitishwa katika Bunge la Kitaifa huku wabunge wakipigana na kurushiana maji na makaratasi. Februari 2015, Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane kwa kukiuka Katiba. Uamuzi huo ulituma ujumbe ambao unafaa kurudiwa: usalama si kisingizio cha kuvunja sheria, kwa kuwa sheria ni sehemu ya usalama wenyewe.

Kifungu cha 238 cha Katiba kinasema hivyo. Usalama wa taifa, kwa mujibu wake, ni kulinda mipaka na mamlaka ya Kenya, na pia watu wake, haki zao, uhuru wao, mali yao, amani na ustawi wao. Anayesoma kifungu hicho hawezi kusema soko la Garissa liliteketea kwa ajili ya usalama wa taifa. Siku ile usalama wa taifa ndio ulioteketea.

Maridhiano na mipaka yake

Machi 9, 2018, Rais Uhuru Kenyatta na kinara wa upinzani Raila Odinga walisalimiana mbele ya Jumba la Harambee, baada ya uchaguzi uliokuwa umeligawa taifa. Walitaja masuala tisa ya kushughulikiwa. Miongoni mwayo yalikuwa uhasama wa kikabila, ugatuzi, ufisadi, uchaguzi wenye kuleta mgawanyiko, ustawi wa pamoja, na usalama. Jopo la watu 14 likateuliwa, na Bw Haji akapewa uenyekiti.

Jambo la kutazamwa hapa ni kwamba usalama haukutengwa kama kazi ya majenerali. Uliwekwa kwenye orodha moja na ukabila na ugawaji wa mali. Jopo lilizunguka kaunti zote 47, na ripoti ya kwanza, iliyozinduliwa Bomas Novemba 2019, ilizungumzia haja ya kuacha kuwa taifa la nasaba na kuwa taifa la maadili. Kwa afisa wa zamani wa utawala wa mikoa kuweka sahihi chini ya wazo kama hilo, huo ulikuwa mwendo mrefu. Ni kama kukiri kwamba kamati ya usalama ya mkoa haikuwa imetosha.

Pendekezo la kuongeza mgao wa chini wa kaunti kutoka asilimia 15 hadi 35 ya mapato lilikuwa la usalama pia, ingawa halikuitwa hivyo. Kisima kinachochimbwa kati ya koo mbili zinazogombea malisho hufanya kazi ambayo kikosi cha askari hakiwezi kuifanya. Kadhalika barabara inayopitika mvua ikinyesha ni silaha dhidi ya anayetegea vilipuzi, kwa sababu gari la doria halikwami.

Lakini mpango huo huo ulikuwa na kasoro nzito. Kwanza, viongozi wa jamii za wafugaji walilalamika kwamba kugawa rasilimali na uwakilishi kwa kutazama zaidi idadi ya watu kungewarudisha pembeni, na mvutano mrefu wa Seneti kuhusu mgao wa kaunti mwaka wa 2020 ulikuwa umeonyesha hofu hiyo haikuwa ya bure. Pili, rasimu ya Oktoba 2020 ilipendekeza baraza la polisi ambalo lingeongozwa na waziri, na wakosoaji wakaona ndani yake mkono wa serikali ukirudi kuushika mpini ambao Katiba ya 2010 ilikuwa imejaribu kuuondoa mkononi mwake. Tatu, kupanua ngazi za juu kwa kuongeza Waziri Mkuu na manaibu wake kulijibu swali la nani ale, si swali la mama wa sokoni.

Na kubwa kuliko yote, mwananchi hakuwa mwenye mchakato. Aliombwa maoni, kisha akaletewa mswada. Mahakama Kuu iliukataa Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo Agosti, na Mahakama ya Juu ikafunga mlango mwaka uliofuata. Wapo wanaosema majaji waliua mageuzi mema. Mimi naona waliilinda kanuni ambayo maisha ya Bw Haji yenyewe yanaithibitisha: amri ikishuka kutoka juu, hata iwe njema kiasi gani, haina mizizi.

Deni lililobaki

Kwa nini haya yatushughulishe leo? Kwa sababu swali halijaondoka. Juni 25, 2024, vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha walipoingia katika majengo ya Bunge, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Bw Aden Duale, naye mwana wa Garissa, alitangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba wanajeshi wangesaidia polisi. Katiba inataka idhini ya Bunge la Kitaifa kabla ya wanajeshi kutumwa kutuliza ghasia nchini. Idhini ilikuja siku iliyofuata, wanajeshi wakiwa tayari wametangazwa. Watu kadhaa walikuwa wameuawa. Kwa mara nyingine nchi ililindwa, na mwananchi akahesabiwa miongoni mwa vitisho.

Kuna hatua zilizopigwa, na si haki kuzificha. Shambulizi la hoteli ya DusitD2, Januari 2019, liliua watu 21, lakini vikosi vilifika haraka na kufanya kazi kwa uelewano ambao haukuonekana Westgate. Funzo lilikuwa limeingia. Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza mjini Wajir kwamba vijana wa kaunti za mpakani hawatapitia tena msasa wa ziada wanapoomba kitambulisho. Iwapo agizo hilo litafuatwa na kila karani, litakuwa limefanya zaidi kwa usalama wa mpaka kuliko magari mengi ya kivita, kwa sababu kijana mwenye kitambulisho ana cha kupoteza.

Yaliyosalia ni matatu. La kwanza ni fedha. Katiba ilianzisha Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa miaka 20, ili maeneo yaliyosahauliwa yapate maji, barabara, afya na umeme. Fedha hizo zilicheleweshwa miaka mingi huku muda wa hazina yenyewe ukipungua. Bunge lina wajibu wa kueleza hesabu yake, mwaka baada ya mwaka, kabla ya kipindi hicho kuisha.

La pili ni uwajibikaji wa polisi na wanajeshi. Ripoti tunazo tele: ya Akiwumi, ya Ransley, ya Tume ya Ukweli, na ya jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga ya 2023 kuhusu maslahi ya polisi. Tusiunde jopo jingine. Tutekeleze tulichokiandika. Familia za Wagalla na wafanyabiashara wa soko la Garissa wanahitaji kujua nani alitoa amri, na fidia itatoka wapi.

La tatu ni chifu. Kiungo hiki kati ya serikali na kijiji hakijapata makao katika mfumo wa ugatuzi. Kama tunakihitaji, na nadhani maeneo ya mpakani yanakihitaji, basi chifu awajibike pia kwa kaunti na kwa baraza la wananchi, si kwa kamishna peke yake. Habari zipande, lakini malalamishi nayo yapande, na majibu yashuke.

Wana wawili wa Bw Haji wamo katika utumishi wa umma. Abdul alirithi kiti cha Seneti baada ya kifo cha babake, na Noordin, aliyekuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, anaongoza Idara ya Ujasusi tangu 2023. Wanaijua historia hii kutoka nyumbani kuliko tunavyoijua sisi tunaoihariri. Lakini deni la usalama halilipwi na familia moja, wala na mkoa mmoja. Linalipwa siku ambayo mama wa Garissa atamwona askari akija sokoni na kuendelea kupanga nguo zake bila kutetemeka, na kisha, bila kuulizwa, amwambie alichokiona usiku.